Wembe wa Mzee Khamphan

Orodha yangu ya wazee wa kupimwa homa ya ini aina ya C ilikuwa na majina arobaini na moja, na arobaini walikuwa wamekwisha kuchomwa kidole. Aliyesalia ni Mzee Khamphan, ambaye kwa miaka thelathini, kila mkesha wa mwezi mpevu, aliwanyoa watawa wetu watano wa Kibudha vichwa na nyusi, wote kwa wembe mmoja alioachiwa na baba yake. Mimi, mwalimu wa kijiji niliyejitolea kusaidia upimaji, nilisoma shule ya bweni. Huko tulifundishwa kuwa orodha yenye pengo haikabidhiwi. Nilimfuata hekaluni pamoja na Nesi Siriwan.

"Sipimwi," alisema, akiunoa wembe.

"Ni bure, baba," alisema nesi.

"Hata mvua ni bure. Nikikutwa na hicho kirusi, kijiji kizima kitasema nimewaambukiza watawa. Nani atanipa kichwa chake tena?"

"Na kama unacho?" nilimwuliza.

"Basi ninacho kimyakimya, Mwalimu. Ini langu limekuja kwako kulalamika?"

Mkuu wa hekalu, Baba Sangwian, aliyekuwa kigodani na povu kichwani, alinyoosha kidole chake kichomwe. Kwa kuwa mwanamke hamgusi mtawa, nilimchoma mimi. Tulingoja dakika kumi na tano, povu likakauka. Kipimo kikaonyesha mistari miwili: anacho.

"Khamphan," alisema Baba Sangwian, "kabla ya utawa nilikuwa askari. Michoro hii ya mgongoni ya kukinga risasi tulichanjwa kikosi kizima kwa sindano moja. Wakati huo ulikuwa hujanigusa."

"Ilikinga?"

"Risasi, ndiyo."

Mzee Khamphan aliutazama wembe, kisha akamtazama mtawa. "Kumbe huenda ni wewe uliyeniambukiza mimi!"

"Hujapimwa bado."

"Nichome, binti yangu," alimwambia nesi kwa hasira. "Nijue kama nina la kumsamehe huyu."

Alikuwa nalo: mistari miwili. Damu ya mshipani ilithibitisha kwa wote wawili, wakameza vidonge majuma kumi na mawili. Watawa wengine wanne hawakukutwa na kitu.

Mkesha wa mwezi mpevu uliofuata, Mzee Khamphan alikuja na makopo matano yenye majina, kila kopo na wembe wake wa plastiki.

"Hizi ni za kunyolea wanasesere," alilalamika.

Baba Sangwian alikaa kigodani wa kwanza, akainamisha kichwa.

"Angalia nyusi," alisema.

Ndipo nikaweka alama ya arobaini na moja kwenye orodha, mbele ya jina la Mzee Khamphan.