Figo Kwenye Kiti cha Wageni

Kila asubuhi muuguzi wa chumba cha wagonjwa mahututi aliinama chini ya kitanda cha fundi cherehani, akautazama mfuko wa mkojo, akaukuta mkavu, kisha akaenda kunawa mikono. Asubuhi moja hakufika kwenye bomba. Figo mbili za fundi zilikuwa zimekaa kwenye kiti cha wageni, moja imeiegemea nyingine.

"Muda wa wageni bado," alisema mfagizi, akapitisha ufagio chini ya kiti.

Mume wa fundi alipoingia alizitambua mara moja. "Ndivyo alivyo mwenyewe," alisema. "Akiudhiwa hagombi. Anahama kiti."

Alikuwa mtu mpole. Lolote aliloambiwa alijibu, "Hamna shida," hata wauguzi wakamwita hivyo.

Daktari alimweleza kwamba maambukizi kwenye damu ndiyo yaliyozichosha figo. Zikitulizwa zingeweza kurudi. Zikishtuliwashtuliwa, basi tena. Kwa sasa mashine ingefanya kazi yao.

Mashine ya wodi ilikuwa ya haraka. Ilisafisha damu ya mmoja mbiombio, ikasukumwa kwa mwingine. Ilipowashwa, shinikizo la damu la fundi liliporomoka, midomo ikapauka, na figo zikashuka kitini, zikasogea mlangoni. Siku moja muuguzi aliipunguza kasi. Figo zikarudi, zikapanda kitandani, zikajilaza ubavuni mwa mwenyewe. Tone la mkojo likaonekana kwenye mpira. Mume alilitazama kama mtu anayemwona mwanawe akisimama dede.

"Dada, na huku tunangoja," alisema binti wa mgonjwa wa kitanda cha pili, bila ukali. "Baba yangu naye ana damu."

Muuguzi akairudisha kasi.

Figo zikatoka. Zilifuata korido, zikapita dirisha la dawa, zikasimama mbele ya chumba kilichofungwa. Mlinzi alizifungulia, maana alikatazwa kufungulia watu tu. Ndani kulikuwa na mashine nyingine, ile ya taratibu, isafishayo damu usiku na mchana bila kuushtua mwili. Ilikuwa imefunikwa shuka. Figo zikaingia chini ya shuka, zikalala.

"Hiyo ni ya wakubwa," daktari alimwambia mume, aliyekuwa amezifuata.

"Yupi anaumwa?"

"Kwa sasa hakuna."

"Hamna shida," alijibu mume.

Fundi alipona maambukizi, akarudi nyumbani bila figo. Sasa huja kila wiki, zaidi ya mara moja, kuunganishwa na mashine ya haraka. Wakimaliza, mume humshika mkono, wakaenda kuzitazama figo kupitia kioo cha mlango. Shuka hubadilishwa, hufuliwa, hurudishwa juu ya mashine. Hakuna anayezisumbua.

"Pindo limefumuka," fundi alisema juzi, paji la uso likiwa kwenye kioo. "Wangenipa hata nilishone."

Daktari alikuwa akipita. "Mnaendeleaje?" aliuliza, hatua hazijasimama. "Hamna shida?"

Mume alifungua mdomo kwa mazoea.

"Shida ipo, daktari," alisema. "Mashine mlikuwa nayo. Mkamnyima mke wangu."