Gitaa Lililokwenda Buseresere

Jumanne saa nne asubuhi, Mzee Magesa alikuwa barazani kwake Shinyanga mjini akichambua choroko kwenye ungo, kijana mmoja aitwaye Edson alipoteremka kwenye bajaji akiwa amekumbatia mashine ya kuchezea kanda. Edson alitoka Dar es Salaam. Alisema kuna kampuni ya Ulaya inayokusanya muziki wa zamani, na imegundua kwamba bendi ya Vumbi Zambarau ya Shinyanga ilikuwa miongoni mwa waanzilishi wa roki ya saikedelia.

Magesa hakuwa amewahi kulisikia neno hilo. Mwaka 1974 watu waliuita muziki ule kelele, na baba yake aliuita ugonjwa. Hata hivyo aliweka ungo chini, akakubali kwamba ndiyo, yeye ni mwanzilishi wa saikedelia, na akaongeza kuwa haikuwa kazi rahisi.

Hapa inafaa kusema kwamba anayeandika habari hii ni Magesa mwenyewe. Ameamua kujiita "yeye" kwa sababu ile "mimi" yake imesema uongo kwa miaka hamsini, na siku hizi hata wajukuu wanaiitikia tu kwa adabu.

Bendi ilikuwa na watu watatu. Mabula alipiga ngoma na kuimba, Thobias alipiga besi, Magesa alipiga gitaa. Ndivyo bango lilivyosomeka, na ndivyo Magesa alivyosimulia kwenye harusi, misiba na vikao vya ushirika wa pamba. Kulikuwa na solo moja ya dakika tisa, iliyopanda, ikazunguka, ikapotea, kisha ikarudi imevaa nguo nyingine. Akiielezea alifumba macho. Wakiwepo wageni alilia kidogo.

Kanda zenyewe zilikuwa mbili, kubwa kama sahani za wali wa harusi, zimehifadhiwa uvunguni ndani ya mfuko wa mbegu za pamba. Zilirekodiwa kwenye ghala la pamba, enzi ambazo mashindano ya ngoma kati ya makundi ya Kisukuma ya Bagika na Bagalu yalikuwa moto kwelikweli. Kundi moja lilicheza huku, jingine kule, lililovuta watu wengi likashinda, na kila kundi lilikuwa na mganga wake. Vumbi Zambarau waliogopa kwamba wapinzani wangewaibia nyimbo. Wakaenda kwa mganga. Mganga hakuwa na dawa ya nyimbo. Alikuwa na ya ng'ombe, ile ambayo mnyama akiibwa hukata kamba na kurudi zizini kwa mwenyewe. Wakaipaka kwenye kanda, pande zote mbili. Waliwafikiria wezi wote wa wilaya nzima, isipokuwa aliyekuwa mle ghalani.

Edson alichomeka mashine, akavalisha kanda, akabonyeza. Ngoma za Mabula na sauti yake zilisikika kwa nusu dakika, kisha zikatoka kwenye spika, zikateremka ngazi na kushika barabara ya Kahama. Mabula amezikwa Ushetu, kando ya shamba la tumbaku la mdogo wake, kwa hiyo safari yao ilieleweka. Besi haikwenda mbali. Ilikatisha uwanja hadi nyumba ya tatu, anakoishi Thobias, ikaingia chini ya kiti chake. Thobias alisogeza miguu ili ikae vizuri, akaendelea kusikiliza taarifa ya habari.

Magesa alifungua mikono kulipokea gitaa. Lilitoka, likampita begani, likafuata ngoma.

"Labda limekosea," Edson alisema.

"Limekaa ndani muda mrefu," Magesa alijibu. "Litauliza njia."

Wakalifuata kwa gari la kukodi, kwa sababu kampuni haikutaka kutoa sahani ya santuri isiyo na gitaa. Lilikwenda mwendo wa baiskeli yenye mzigo wa mkaa. Askari wa barabarani walisimamisha gari kukagua mtungi wa kuzimia moto, wakaliacha gitaa lipite. Kahama ngoma ziliaga, zikakunja kuelekea Ushetu. Ushirombo gitaa lilisimama kupisha ng'ombe, kisha likashika njia ya Katoro. Njia nzima Magesa alizungumzia unyevu wa kanda na ubovu wa mashine za Dar es Salaam. Mwenyewe alikuwa ameshajua tangu Isaka gitaa linakokwenda.

Siku ya nne asubuhi walifika Buseresere. Gitaa lilizunguka nyuma ya soko, likayapita makarasha matatu yanayosaga mawe ya dhahabu, likafika chini ya turubai la bluu ambako wanawake sita walikuwa wameketi wakiponda kwa nyundo mawe ya mabaki, yale ambayo wenye mashimo wameyatupa. Likaenda kwa mwanamke wa mwisho, aliyejaa vumbi jeupe hadi kwenye kope, likakaa mapajani mwake. Alikuwa Justa, dada yake marehemu Mabula.

Justa aliweka nyundo chini.

"Umechelewa," aliliambia, kama mtu anavyomwambia ndama. "Athanas alikufa mwaka juzi."

Athanas alikuwa mume wake. Kisha akamwona Magesa.

"Mwangaluka, Magesa. Umenenepa."

"Mwangaluka, Justa. Nimelisindikiza."

Hilo la kusindikiza ndilo lililomtoka. Alikuwa amepewa miaka hamsini na siku nne za kutafuta neno, akaja kujifanya mchungaji.

Ukweli wenyewe ni mfupi. Siku ya kurekodi, vidole vya Magesa viligoma. Havikuwa na ugonjwa wowote. Havikuijua tu ile solo, maana aliyeitunga ni Justa, aliyekuwa amekuja kuwapikia. Justa akaketi nyuma ya marobota ya pamba akaipiga mara moja, dakika tisa, bila kurudia. Magesa akasimama mbele akapigwa picha na gitaa, amevaa suruali yake ya mistari. Walikubaliana kwamba angesema ukweli baadaye, watu wakishauzoea muziki. Watu wakamzoea Magesa.

"Nilimwambia Athanas," Justa alisema. "Mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili akasema nisimwaibishe mbele za watu. Amekufa ananiita mwongo, na binti yangu Suzana amelipokea hilo kwa baba yake. Sitaki kingine, Magesa. Andika jina langu tu."

Magesa aliona aibu, na anaiona hadi leo, ingawa haijawahi kumzuia kula. Aliapa mbele ya Edson na wale wanawake watano kwamba jina litaandikwa. Edson akanakili sauti ya gitaa palepale mapajani, ili baadaye akanakili ngoma kaburini na besi chini ya kiti.

"Tatizo jalada limeshachapwa, mzee," Edson alisema walipofika garini. "Na ile picha ya suruali ndiyo wameipenda. Tukibadilisha itabidi tueleze."

"Kueleza kutachukua muda," Magesa alisema.

Akatia saini fomu juu ya boneti, mbele ya maneno "Gitaa: Magesa". Mwandiko wake siku hiyo ulikuwa mzuri kuliko kawaida.

Sahani zilitoka mwezi wa sita. Kila moja ilipochezwa huko Ulaya, muziki ulisikika nusu dakika, kisha ukatoka kupitia dirishani. Ngoma zilikwenda Ushetu, na besi zikaja kwa Thobias, ambaye sasa hana pa kuweka miguu. Waliobaki na sahani walisikiliza ukimya. Wachambuzi wakaandika kwamba ukimya ule ni wa kishujaa, na mmoja akasema hajawahi kukutana na mpiga gitaa mwenye kipaji cha kutopiga kama Magesa. Ndiyo sifa pekee ambayo Magesa ameistahili maishani. Ameikata na kuibandika ukutani.

Magitaa yalifika Buseresere moja moja, mengine yana mchanga wa jangwani, mengine yamelowa maji ya chumvi. Wanawake walisogeza mawe kuyapa nafasi. Yalijipanga nyuma ya Justa yakipiga solo ileile, na nyundo zikafuata mapigo. Mawe yalivunjika kama siku zote, dhahabu haikuongezeka. Suzana, ambaye hakuwepo siku ya kiapo na sasa alikuwa akiponda kando ya mama yake, alikuwa na maelezo yake: mama alimpikia mwenye magitaa zamani, na mfugo humfuata aliyeupa chakula.

Mwezi wa kumi Magesa alipanda basi kwenda kusema ukweli. Aliufanyia mazoezi njia nzima, na hadi Kahama ulikuwa mzuri sana. Alimkuta Justa palepale, akampa jalada. Justa alilipangusa vumbi kwa kitenge, akalisoma mbele na nyuma.

"Hawakuandika."

"Nafasi ilikuwa ndogo."

"Basi sema kwa mdomo. Suzana huyu hapa."

Magesa alikuwa anakohoa ili aanze, mtu mmoja aliposhuka kwenye baiskeli. Alikuwa Stanslaus, mwalimu wa kwaya ya kanisa la jirani. Kwa miezi minne alikuwa akiyasikia magitaa wakati wa mazoezi, na sasa alitaka anayeyapiga aje awafundishe vijana wake.

"Shikamooni, mama zangu," alisema. "Naomba kuuliza, anayepiga ni nani?"

Justa alimtazama Magesa. Suzana akaacha kuponda, na magitaa nayo yakapunguza sauti.

Magesa alifungua mdomo. Sentensi ilikuwepo, nzima, yenye jina la Justa mwanzoni kabisa. Wakati huo Stanslaus alikuwa ameliona jalada mapajani mwa Justa. Akainama akasoma, akaitazama picha, akamtazama mzee, akavua kofia.

"Kumbe ni wewe, mzee wangu. Shikamoo tena."

"Marahaba," Magesa alisema.

Suzana akaokota nyundo yake bila kumtazama mama yake.