Mkate Uliokaushwa Vizuri

Binti, mpishi wa hoteli, alikuja nyumbani kumwonjesha mama yake ufundi wake. Alichoma vipande vya mkate vikakauka kau, akavisugua kwa kitunguu saumu, akavifunika kwa nyanya mbichi na majani ya mrehani. Mama akachota nyanya tu.

"Mbona mkate huugusi, mama?"

"Mkate ungoje kidogo. Meno yangu yamestaafu, mwanangu!" Mama akacheka, ufizi ukaonekana mtupu.

Uso ukamshuka binti. Kila wiki alimpigia simu kumjulia hali, lakini hakuwahi kumuuliza anakula nini. Akaumwagia mkate maji ya nyanya, akaubonyeza kwa uma mpaka ukalainika.

"Kumbe huko hotelini huliwa hivi?"

"Ndiyo, mama," akadanganya, macho chini.