Milimita Tatu za Pembeni

Mimi nina mdomo, sikatai. Miaka kumi na moja nimekaa kwenye kompyuta ya kiwanda kidogo cha uchapaji, na kila anayeniletea kazi ambayo picha imeishia pale pale ukingoni mwa karatasi, namkaanga. "Ulitaka kisu kikate wapi, hewani?" Picha lazima ivuke mstari wa kukatia, milimita tatu kila upande, ili kisu kikiyumba kidogo pasionekane weupe. Sisi tunaita blidi. Kwenye kompyuta ni kisanduku kimoja tu, unajaza tatu, basi.

Mama alipofariki, ratiba ya mazishi nikaitengeneza mimi. Nani mwingine? Kaka yangu mkubwa alinitumia picha ya jalada kwa simu. Nikaifungua. Mama amekaa, kaka zangu watatu upande wake wa kulia wamejipanga, na kushoto, mwisho kabisa wa picha, mimi. Jicho moja na nusu ya shavu, mkono wangu ndani ya mkono wake. Ilipigwa asubuhi niliyopelekwa kwa mama mkubwa kulelewa, nikiwa na miaka mitano. Picha nyingine niliyomo na mama sina. Hakuna.

Nilipanga maandishi huku nalia. Nikaipeleka kwenye mashine bila kukagua, mimi huyu huyu, nakala mia mbili, kwenye karatasi nzito ya mwisho iliyokuwepo.

Saa nne asubuhi fundi wa kukata, tunayemwita Wembe, akaja na nakala moja mkononi. Siku nyingine angekuja anacheka, maana nimemsumbua sana huyu. Safari hii alisimama mlangoni.

"Dada, hii haina blidi."

"Acha utani, Wembe."

"Angalia mwenyewe."

Niliangalia. Kisanduku nilikiacha na sifuri.

"Nikikata kwenye mstari," akasema taratibu, "nyingi zitabaki na weupe, tena wa kupinda. Nikiingia ndani milimita tatu, zinatoka safi. Ila..." Akaweka kidole juu ya lile jicho. Alikuwa amenitambua.

Mazishi saa nane. Karatasi imekwisha. Nilimkasirikia Wembe, nikamkasirikia kaka, mpaka mama nikamkasirikia, Mungu anisamehe, kwa kuniweka pembeni siku ile. Kisha nikawaza watu wote wale wameshika uso wake umezungukwa na mistari ya upogo. Hata kwenye picha ile kola za wanawe alikuwa amezipiga pasi zikasimama.

"Niache weupe?" akauliza.

"Ingia ndani. Kata."

Kisu kikashuka. Wembe akakusanya vipande vyembamba, akauliza kama navitaka. Nikamwambia atupe. Najuta mpaka leo.

Makaburini nilikaa karibu na mama mmoja aliyekuwa jirani wa marehemu. Aliigeuza ratiba mara mbili.

"Maskini, hapa kamshika nani? Mkono umeishia tu."

"Mimi."

Akaniangalia, akaangalia karatasi, akaniangalia tena.

"Pole, mwanangu," akasema. "Miaka sita tumekaa ukuta mmoja, sikujua kama alikuwa na binti."