Choo Kisicho na Komeo

Mlango wa choo cha wanafunzi haukuwa na komeo, kwa hiyo shuleni kwetu aliyekuwa ndani aliimba. Ukisikia wimbo, unangoja. Usiposikia, unasukuma. Wengi wetu tulimaliza shule sauti zikiwa nzuri kuliko maksi.

Basi binti mmoja wa darasa la nne, tuliyemwita Kasuku kwa kuwa hakunyamaza hata akitafuna, akapatwa na mafua. Sauti ikakauka. Asubuhi aliingia chooni akajaribu kuimba, ikatoka pumzi tupu, na nusu ya darasa la sita ikamsukumia mlango. Akaapa haingii tena. Kufikia mapumziko alikuwa amekunja miguu kama mkasi.

Akaenda ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Shikamoo, mwalimu," akanong'ona. "Naomba komeo la choo. Ni haki yangu."

Akaonyesha ukuta wa nje, ambako mwalimu mkuu mwenyewe alikuwa amewachorea wageni maandishi makubwa: MTOTO ANA HAKI YA FARAGHA.

"Marahaba. Mwanangu, ile ni rangi tu. Sisi tuliimba na tukawa watu. Nenda kaimbe."

"Sauti sina."

"Basi piga mluzi."

Kasuku akajaribu hapo hapo. Mate yakatua kwenye tai ya mwalimu. Akafukuzwa.

Haukupita muda, choo cha walimu kikaziba. Tukamwona mwalimu mkuu akivuka uwanja kwa hatua fupi fupi, uso ameukaza kama mtu aliyebeba mayai. Akaingia chetu. Kimya. Foleni ikasogea.

"Kuna mtu!" akapiga kelele.

"Hatusikii wimbo!" akajibu mtoto wa darasa la kwanza, mkono tayari mlangoni.

Mzee wa watu alijua wimbo mmoja tu: wimbo wa taifa. Akauanza.

Loo! Shule nzima ikasimama wima. Foleni ikakakamaa, mikono mapajani, hata waliobanwa. Mpishi akasimama na mwiko wake huku chai ya walimu ikifurikia motoni. Mlinzi akapiga saluti getini. Wimbo ukaisha, akauanza upya. Wadogo wakaanza kulia, maana wimbo ule ukiimbwa huruhusiwi hata kujikuna, sembuse kukimbilia kichakani.

Mara ya tatu akasahau maneno. Kimya. Yule wa darasa la kwanza akaurukia mlango.

Kasuku akamwahi. Akauegemea kwa mgongo, miguu bado mkasi.

"Nipishe dada, nakufa!"

"Kuna mtu ndani."

"Si mwalimu tu?"

"Mwalimu naye ni mtu."

Mwalimu mkuu akatoka, jasho likimtiririka. Akamtazama Kasuku. Akatimua mbio kuelekea stoo. Kasuku akamwachia mdogo zamu yake, nasi sote tukaugeuzia mlango migongo hadi alipomaliza.

Mwalimu akarudi na nyundo na komeo jipya. Akaligongomea mwenyewe, akajigonga kidole mara mbili, akatamka maneno ambayo hayamo katika kitabu chochote cha kiada.

"Ingia, mama," akamwambia Kasuku.

Komeo likalia, kaa! Kisha kimya. Kimya kirefu, cha mtu anayestarehe. Foleni ikaanza kurukaruka kwa mguu mmoja.

"Mwalimu, mwambie atoke!"

Mwalimu mkuu akasimama mbele ya mlango, akinyonya kidole.

"Mwacheni," akasema. "Akimaliza atatoka."