Sheria ya Waziri

Alipokwenda kusoma nchi ya watu, hakujua hata kuchemsha yai. Kwao alikuwa kitindamimba, sahani akiondolewa mbele yake kabla hajanyanyuka. Katika nyumba aliyopanga na wasichana wenzake wawili ndimo alimonyooshwa: aliunguza wali, akasemwa, akanuna, hakuna aliyembembeleza. Mwaka wa pili ndiye aliyepanga zamu za kudeki na kuwafokea wenzake kwa choo kichafu, wakambandika jina la Waziri. Baba yake aliposikia alicheka simuni mpaka akakohoa.

Sheria ya simu ilikuwa yake pia. Kipini, wa chumba cha nyuma, alipigiwa asubuhi ya mtihani kuambiwa wazazi wake wameachana. Maskini, akaenda kuandika upuuzi, akarudishwa mwaka. Waziri akaapa halitatokea tena: mwenye mitihani atamkabidhi simu yake Dada Mkubwa, yule mwenzao aliyewazidi umri, na habari za kwao zitasubiri mpaka amalize. Wakakubaliana wote.

Alhamisi akarudi kutoka mtihani wake wa mwisho, anaimba ngazini. Akamkuta Dada Mkubwa jikoni, jiko halijawashwa, simu iko mezani.

"Baba yako amefariki," Dada Mkubwa alisema. "Jana. Wamemzika leo asubuhi."

Aliuliza kama baba alipiga. Alipiga Jumatatu, akajibiwa. Hakusema kama anaumwa wala kama yuko hospitali; aliomba tu apewe mwanawe mara moja asikie sauti yake.

"Nikamwambia ni sheria yako, mpaka Alhamisi. Akacheka. Akasema haya, mwambieni Waziri nitasubiri."

Waziri alitaka kumrukia, amtukane matusi yote anayoyajua. Lakini amtukane nani, na sheria kaitunga mwenyewe? Akafungua mdomo apige ukelele.

Dada Mkubwa, machozi yanamtiririka, akamwonyesha kwa macho mlango wa chumba cha nyuma. Kipini alikuwa ndani anadurusu kwa sauti. Ule mtihani wake wa kurudia ulikuwa kesho.

Waziri akakamata kitambaa cha vyombo, akakiuma, akalia humo humo bila sauti, mabega yakimtikisika. Alilia hivyo mpaka Kipini akauliza kutoka chumbani kama leo kuna chakula.

Akajifuta uso.

"Kipo," akajibu. "Wewe soma tu."

Akawasha jiko.