Viatu Vipya vya Marehemu

Kaka yangu Yusto aliuza viatu Bunda. Vipya tu, mitumba hakuitaka. Tulimzika kwetu Butiama, tukanyoa nywele kama ilivyo desturi, na siku ya kuanua matanga baba mdogo akataka mzigo wote wa dukani uuzwe kwa jumla. Nikasema hapana, nitawapelekea watu wanaolala kwenye vibaraza vya soko Musoma.

"Wakivikataa, vinarudi kwangu," alisema.

Nilikubali bila wasiwasi. Nani atakataa kiatu kipya?

Asubuhi mimi na Benedikta, mwenzangu wa jumuiya ya kanisa pale Kamunyonge, Musoma, tulishusha magunia mawili sokoni kabla maduka hayajafunguliwa. Watu walikuwa wanakunja maboksi yao. Nikaanza na Mwikwabe, mzee anayesukuma mkokoteni. Mguu wake ulikatwa na bati, akaufunga kitambaa, na kitambaa kimeshakuwa rangi ya matope.

"Shikamoo, baba. Tumekuletea viatu."

"Marahaba." Hakuangalia viatu, aliangalia kichwa changu kilichonyolewa. "Pole na msiba, mwanangu. Ila vya marehemu wapeni ndugu zake. Mimi simjui. Nitavaaje kiatu cha mtu nisiyemjua ukoo?"

Waliokuwa wamenyoosha mikono wakairudisha.

"Mzee, gunia mbili!" Flora, mama anayelala kibaraza cha pili, alicheka. "Huyo marehemu alikuwa jongoo?"

"Wewe cheka tu. Kiatu cha maiti kikikupeleka makaburini usiniite."

Benedikta akanivuta pembeni. "Mwambie tumenunua sisi. Yaishe."

Ingeisha kweli. Lakini sikutaka Yusto agawiwe kwa uongo. Nikarudi, nikakaa chini mbele ya mzee.

"Ni vya marehemu, baba. Kaka yangu. Alikuwa muuzaji, hakuna hata kimoja alichovaa. Angalia, karatasi bado zimo ndani."

"Hata kama. Mali ya marehemu inarithiwa. Na mimi siyo mrithi."

"Wewe ukienda dukani unaulizwaga ukoo?"

"Dukani nanunua."

"Basi nunua."

Akanitazama sana. "Na nini?"

"Sema wewe. Mteja ndiye anasemaga, mimi nakataa."

Flora akapiga makofi. Mzee akachukua kiatu cheusi, akakipinda soli, akanusa ndani, akakigonga kisigino kwa kidole. Kisha akatoa kwenye mfuko wa koti kipande cha muhogo wa kuchemsha.

"Nusu," alisema.

"Huo muhogo wa jana. Mzima."

"Dada, punguza. Mguu wenyewe mbovu."

"Mguu mbovu ndiyo unataka kiatu kizuri. Mzima."

Watu walikuwa wamesogea. Yusto alikuwaga hivi hivi, hapunguzi haraka, anakuacha uondoke hatua chache ndipo anakuita. Mzee naye akainuka, akachechemea kama anayeondoka. Nikamwacha aende. Alipofika kwenye mkokoteni wake nikamwita.

"Lete nusu, baba. Wewe ni mteja wa kwanza."

Akarudi amekunja uso, kama mtu aliyepunjwa, akaukata muhogo. Benedikta alimsafisha kidonda, akamfunga kitambaa safi. Kiatu cha kwanza kilibana, tukampa kikubwa zaidi, kikaingia.

Baada yake tuliuza mpaka magunia yakaisha. Flora alilipa kwa kunisuta kwamba nina bei kali, nikakubali malipo. Mwingine alinipa kiberiti, mwingine ndimu.

Nilimpigia baba mdogo nikamwambia hakuna kinachorudi. Wakati naongea, mzee alikuwa anatembea juu na chini kwenye kibaraza, anajaribu soli. Akasimama mbele yangu.

"Wakiniuliza nimenunua wapi?"

"Kwa Yusto," nilimwambia. "Bunda."

"Kwa Yusto, Bunda," alirudia, akashika mkokoteni wake akaenda kazini.